Mzio wa Baba Mdogo

Kidoti alikuwa katikati ya kukata kioo cha dirisha la bafu. Mafuta alikwisha kuyapitisha, rula ameibana kwa kiganja cha kushoto, na kisu cha kioo, kile chenye kigurudumu kidogo kwenye ncha, kilikuwa kinateremka kikitoa ule mlio wa kukwaruza ambao fundi huusikiliza kuliko anavyoutazama mstari wenyewe. Ndipo mlango wa karakana ulipofunguka na baba yake mdogo akaingia kuuliza kama kuna chai. Kidoti alipiga chafya. Kisu kiliruka, mstari ukapinda kama njia ya mlevi, na alipojaribu kukiokoa kioo kwenye ukingo wa meza, kilipasuka pale kilipotaka chenyewe.

"Afya, mwanangu," alisema baba mdogo.

"Asante, baba mdogo. Chai ipo kwenye chupa."

"Hili vumbi la humu ndani litakumaliza."

"Litanimaliza," alikubali Kidoti, akiokota vipande.

Baba mdogo alijimiminia chai, akanywa amesimama, akatania kidogo kuhusu mteja mmoja mwenye kichwa kikubwa aliyerudisha kioo akidai kinamdhalilisha, akaondoka. Kidoti alibaki anajikuna shingo. Mabaka mekundu yalikuwa yameshatokeza, yamevimba kingo, yanapanda kuelekea shavuni. Jina hilo la Kidoti alipewa na marehemu baba yake kwa sababu ya doa jeusi lililo kando ya pua, na nyumbani walizoea kupima ukali wa siku kwa doa hilo. Likionekana, hali si mbaya. Likimezwa na uvimbe, mtu akimbilie vidonge. Siku hiyo lilionekana nusu.

Karakana ilikuwa ya baba yake, na nyumba iliyoungana nayo pia. Baba alipofariki, Kidoti akiwa bado msichana wa sare za shule, mdogo wake alikuja mazikoni na begi moja. Alibaki ili kuwapokea waliochelewa msiba. Kisha alibaki ili kumalizia oda ambazo marehemu aliziacha mezani. Alilala sebuleni, kwenye kochi, na kochi likamuumiza mgongo, akahamia chumba kikubwa, naye mama yake Kidoti akahamisha vitu vyake kwenda chumba cha watoto. Baada ya hapo baba mdogo alioa, wakazaliwa watoto wengine wa kulala kwenye chumba cha watoto, na Kidoti na mama yake wakaenda kukaa uani, kwenye chumba ambacho zamani yaliwekwa makreti ya vioo. Ilikuwa ni kwa muda tu. Mtu angeuliza ni lini hasa yule bwana aliacha kuwa mgeni, asingepata jibu, kwa sababu hakukuwa na siku hiyo.

Hakuna aliyegombana. Baba mdogo hakuwa mtu wa kugombana naye. Alikuwa na sauti laini, alikumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na alimsomesha Kidoti mpaka akamaliza, kwa mapato ya karakana ya baba yake Kidoti, na watu wakamsifu kwa moyo huo. Baada ya masomo akampa kazi pale pale. Mama, kwa upande wake, alikuwa na neno moja kwa kila jambo lililotoka ndani ya nyumba. "Ndiyo, shemeji," alisema, na akaenda kulifanya.

Chafya na mabaka vilianza miaka hiyo hiyo, kidogo kidogo, na kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Kwanza alishukiwa paka, akapelekwa kwa jirani, akaonewa bure. Kisha mapazia yalishushwa. Zulia likakunjwa. Godoro la Kidoti likavishwa plastiki iliyopiga kelele kila alipojigeuza, hata mama akalalamika kwamba analala na mfuko wa mkate. Kidoti aliacha mayai, akaacha karanga, akaacha samaki, akakonda, na bado akawashwa. Vidonge vilisaidia, lakini vilimtia usingizi, na fundi kioo mwenye usingizi hawezi kuhesabu vidole vyake kwa uhakika.

Siku ya siku ilifika kwenye chakula cha mchana. Walikuja wageni wa heshima wa baba mdogo, na familia yote ilikaa pamoja ndani, hata mama na Kidoti waliitwa kutoka uani. Shangazi, dada wa marehemu na wa baba mdogo, alikuwapo pia. Mgeni mmoja alitazama dari, akasifu nyumba.

"Nimeijenga kwa mikono yangu hii," alisema baba mdogo, akaionyesha, yote miwili.

Wenye nyumba walitazama sahani zao. Kidoti alianza kwa chafya, akafuatisha kikohozi, na hapo hapo doa lake likapotea. Midomo ilijaa, koo likajifunga kama mdomo wa gunia, na alipotaka kumwambia mama yake kwamba hapati pumzi, ilitoka sauti ya mluzi. Baba mdogo ndiye aliyembeba hadi kwenye gari, na kadiri alivyombeba ndivyo alivyozidi kuvimba. Hospitalini walimchoma sindano ya adrenalini pajani, wakamvalisha barakoa ya hewa, na alipotulia wakamwandikia aende kwa daktari wa mzio.

Daktari wa mzio alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Chumba chake kilikuwa na kitanda, feni iliyozimwa, na kabati la chupa ndogo ndogo zenye vifuniko vya rangi. Alimlaza Kidoti mkono, akaudondoshea matone kwa safu, na chini ya kila tone akamchoma kidogo ngozi: vumbi la nyumbani, chavua, paka, mende, ukungu, maziwa, ngano, karanga. Wakasubiri. Mkono ulikaa kimya kama mkono wa mtu mwingine.

"Hakuna hata kimoja," alisema daktari. Hakuonyesha kushangaa. "Basi kinachokuwasha si kitu. Yaelekea ni mtu. Unapovimba, nani huwa karibu?"

Kidoti alifikiri. Mama yake, aliyekaa kwenye kiti cha kona na mkoba mapajani, hakufikiri.

"Baba yake mdogo," alisema.

"Yupo hapa?"

"Yuko nje, ametuleta na gari."

Akaitwa. Baba mdogo aliingia amevua kofia, akamsalimu daktari kwa adabu, akatoa kiganja chake. Muuguzi alikipangusa kwa pamba iliyoloweshwa, akaikamulia pamba ile kwenye kijichupa, na daktari akadondosha tone moja mwisho wa ile safu. Haikupita dakika. Pale palipochomwa palijaa, pakawa peupe katikati na pekundu pembeni, pakatoa vijimiguu, pakaenea mpaka pakagusa kiwiko. Daktari alilipima baka kwa rula ya plastiki, akaandika.

"Ni mzio wa baba mdogo," alisema.

"Duh," alisema baba mdogo kwa huzuni. "Na mimi nampenda mtoto huyu."

"Havihusiani," alisema daktari. Akaeleza kwamba si jambo la ajabu. Alikuwa na mgonjwa mwenye mzio wa mkwewe, mwingine wa mwalimu mkuu wake, na bwana mmoja aliyekuwa na mzio wa bosi wake mpaka alipopata uhamisho, akapona bila kidonge. Njia, alisema, zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kujiepusha: asikae nyumba moja na kinachomdhuru, asishike alichokishika, na atembee na sindano ya dharura popote aendapo. Ya pili ni kuuzoesha mwili. Mtu hudungwa kiasi kidogo mno cha kile kinachomdhuru, kila wiki, kikiongezwa pole pole, mpaka mwili uchoke kupigana. Baada ya hapo hudungwa mara moja kwa mwezi, miaka kadhaa, ili usije ukakumbuka.

"Njia ya kwanza ndiyo rahisi," alisema daktari. "Mnakaa pamoja?"

"Nyumba yangu ni kubwa," alisema baba mdogo. "Nihame niende wapi?"

Alimtazama mama yake Kidoti, na daktari pia alimtazama. Mama alifungua mkoba wake, akaufunga.

Wakiwa peke yao uani jioni ile, Kidoti alisema wangeweza kutafuta chumba mahali pengine, wao wawili. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Mimi nikitoka hapa kwa miguu yangu, watasema nilitoka kwa miguu yangu," alisema. "Kachome hizo sindano, mwanangu."

Basi dawa ikatengenezwa. Muuguzi aliomba shati ambalo baba mdogo amelivaa wiki nzima bila kufuliwa, na baba mdogo akalitoa kwa moyo mkunjufu, akisema kama shati litamponya mtoto wake wachukue na suruali. Shati likalowekwa kwenye maji maalumu, likachujwa, likazimuliwa, na zile chupa zikapangwa kabatini pamoja na za vumbi na za nyuki. Ya kwanza ilikuwa na kifuniko cha kijani na maneno: *Baba mdogo, dhaifu sana*. Ya mwisho ilikuwa na kifuniko chekundu na maneno: *Baba mdogo*, basi.

Kila wiki Kidoti alichomwa kwenye bega, kisha akakaa nusu saa kwenye benchi la ukumbini ili waone kama atavimba. Baba mdogo ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Kwa kuwa hakuruhusiwa kukaa karibu naye, alisubiri kwenye gari, na njiani Kidoti alikaa kiti cha nyuma kabisa, madirisha yote wazi, wakapiga soga kwa kupaza sauti. Alikuwa mcheshi. Siku ambazo bega lilimuuma sana, alimnunulia maji baridi na kuyaweka juu ya ukuta ili ayachukue mwenyewe. Kidoti alitamani kumchukia na hakuweza, na jambo hilo lilimchosha kuliko sindano.

Lakini kule nyumbani ulizuka utaratibu mpya, na hakuna aliyeuanzisha. Watu walianza kutazama mkono wa Kidoti. Mwanzoni mwa matibabu, baba mdogo alitangaza mezani kwamba anataka kubadilisha kibao cha karakana, kile chenye jina la marehemu, aandike la kwake, maana wateja wanachanganyikiwa. Kabla hajamaliza, Kidoti alikuwa ameshapiga chafya na mabaka yamemfika kwenye viganja. Shangazi aliweka kijiko chini.

"Basi kibao kisubiri kwanza," alisema. "Tusimwue mtoto."

"Kisubiri, kisubiri," alisema baba mdogo haraka. Na kilisubiri.

Hakuna mtu aliyesema kibao ni cha nani. Kusema hivyo kungekuwa kuvunjiana heshima. Kuvimba kwa Kidoti kulikuwa ni ugonjwa tu, na ugonjwa hauna adabu mbaya. Mama hakusema kitu vilevile, ila usiku huo alimpaka bintiye losheni kwa mkono mpole kuliko siku zote, baka kwa baka, kama anayehesabu mavuno.

Sindano ziliendelea. Wakatoka kifuniko cha kijani wakaingia cha bluu, wakatoka cha bluu wakaingia cha njano. Kidoti alianza kuwa na siku nzima bila kujikuna. Kazi yake ilinyooka. Alikata vioo vya duara, vya meza, vya kabati la duka la dawa, bila kuharibu hata kimoja, na baba mdogo akaweza kusimama mlangoni mwa karakana na kuzungumza mpaka mwisho wa sentensi. Suala la kibao lilipoletwa tena mezani, Kidoti alikuna tu kifundo cha mkono.

"Naona afadhali," alisema shangazi akimchungulia.

Kibao kikabadilishwa.

Walipofika kwenye kifuniko cha rangi ya machungwa, baba mdogo alisema anahitaji stoo, na mahali pekee pa stoo ni kando ya chumba cha uani, upande wa dirisha. Kidoti alipiga chafya moja. Wote walingoja ya pili. Haikuja. Wajenzi walipandisha ukuta kwa siku chache, na tangu hapo mama yake alianza kuwasha taa saa za mchana. Kidoti alimwambia mama yake samahani.

"Samahani ya nini? Si unapona?" alisema mama.

Hata hivyo aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama zimebaki chupa nyingi.

Kifuniko chekundu kilimkuta Kidoti ni mtu mwingine. Hakuwa na vidonge mkobani. Alilala kwenye godoro lisilo na plastiki. Daktari aliirudia ile safu ya matone, na tone la mwisho halikuacha alama zaidi ya kung'atwa na mbu. Daktari alivua miwani, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Mkono mzuri," alisema. "Sasa ni sindano ya mwezi kwa mwezi, ya kushikilia. Unaweza hata kumkumbatia."

Na alimkumbatia, pale pale nje ya zahanati, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameshafungua mikono. Alinusa sabuni na jasho la kawaida la mtu mzima. Baba mdogo alilia kidogo. Ngozi ya Kidoti haikusema lolote.

Jumapili iliyofuata iliandaliwa karamu ndogo ya kumpongeza. Walikula, wakacheka, shangazi akatoa shukrani ndefu kwa Mungu na kwa daktari, halafu baba mdogo akagonga glasi kwa uma. Alisema anamshukuru kila mtu kwa uvumilivu. Alisema biashara imekua, na wateja wa siku hizi wanataka ukumbi wenye taa, wauone mzigo kabla ya kununua. Eneo lililobaki ni lile la uani. Kwa hiyo chumba kile kitabomolewa, na shemeji yake, ambaye amechoka na anastahili kupumzika, atakwenda kukaa kwa shangazi. Kidoti atapewa chumba cha ndani, kile chenye vigae, kwa kuwa sasa amepona.

Kisha vichwa vyote viligeuka, cha shangazi, cha mke wa baba mdogo, vya wale watoto, cha baba mdogo mwenyewe, vikautazama mkono wa Kidoti uliokuwa juu ya meza karibu na chumvi. Mama aliutazama pia. Aliutazama kuliko wote.

Kidoti naye aliutazama. Ndani yake kulikuwa na kitu kilichosimama wima na kupiga kelele, alikisikia wazi, lakini kilikuwa kama mtu anayepiga kelele nyuma ya kioo kinene. Mkono ulikuwa laini, wa hudhurungi, una kovu dogo la kazi. Alijaribu kuukuna ili uamke. Ilitoka michirizi myeupe ya kucha, nayo ikafutika.

"Haya," alisema shangazi mwishowe, akapumua. "Kama mtoto hajavimba, basi hakuna neno."

"Mimi sitaki," alisema Kidoti.

Alilisema kwa sauti, na walilisikia. Lakini walikuwa wamezoea kuutazama mkono, na mkono haukuwa na tatizo.

"Utazoea, mwanangu," alisema baba mdogo kwa upole. "Umezoea makubwa kuliko hayo."

"Ndiyo, shemeji," alisema mama, akainuka kwenda kukunja nguo zake.

Chumba cha uani kilibomolewa asubuhi moja na watu wawili wenye nyundo. Mama alikwenda kwa shangazi akiwa mbele kwenye gari la baba mdogo, na sufuria zake nyuma. Kule alipewa nafasi kwenye chumba cha wajukuu, akawa mtu wa kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na kila Kidoti alipokwenda kumsalimia alimkuta amesimama, kwa kuwa viti vya pale vilikuwa na wenyewe. Kidoti alilala kwenye chumba chenye vigae. Kilikuwa chumba kizuri. Usiku alikohoa kwa makusudi, akasikiliza, hakuja mtu na losheni.

Siku ya sindano ya mwezi ilipofika alikwenda zahanati, akakaa kwenye kiti, na muuguzi alipompandisha mkono wa blauzi aliushusha.

"Nataka kuacha," alimwambia daktari.

Daktari alidhani ni maumivu ya bega, akataka kumpa barafu. Kidoti alisema si bega. Alieleza, kwa kifupi, habari ya kibao, ya dirisha na ya chumba. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa miwani.

"Dawa ilifanya kazi yake," alisema.

"Ilifanya, daktari. Silaumu dawa."

"Ukiacha, huenda mwili ukakumbuka. Sikuahidi lini. Inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa zaidi. Na ukikumbuka, unaweza kukumbuka kwa hasira. Safari hii hutakuwa na mimi wa kukupunguzia pole pole. Itabidi uishi kwa kujiepusha."

"Ndiyo njia uliyosema ni rahisi."

"Nilisema ni rahisi," alikubali daktari. Akafungua droo, akampa kalamu mbili za sindano ya dharura, akamwonyesha tena namna ya kuondoa kizibo na kukandamiza kwenye paja, hata juu ya nguo, na kuhesabu mpaka kumi. Akamwandikia vidonge. Halafu aliitoa kabatini ile chupa ya kifuniko chekundu, akaimimina kwenye sinki, akaacha maji yaendelee kidogo.

Kidoti alipata kazi kwa fundi mwingine, mwenye duka la vioo vya magari upande wa pili wa mji, na akapanga chumba kimoja chenye kibaraza. Alikwenda kwa shangazi asubuhi ya siku ya kazi, kukiwa na pilikapilika, akamwambia mama yake afunge sufuria.

"Nani kaamua?" aliuliza shangazi.

"Mimi, shangazi."

Shangazi alimtazama mkono kwa mazoea, asione la kumsaidia, akarudi jikoni.

Baba mdogo hakukasirika. Alisema vijana lazima wajitegemee, na akawa anawatembelea. Aliketi kwenye kiti kizuri, kile cha pekee, mama akaketi kitandani, na Kidoti akaegemea mlango akisubiri. Hakuna kilichotokea. Mara ya pili haikutokea kitu pia, wala ya tatu. Kila baba mdogo alipoondoka, mama alifuta kiti kwa kitambaa, bila kuuliza. Msimu wa joto ulipita, mvua zikaja zikaisha. Kidoti alianza kuamini kwamba mwili wake ulisahau moja kwa moja, na kwamba atakaa hivyo, mzima, mpaka uzeeni.

Kisha ikaja Jumamosi moja mchana. Baba mdogo alikuja na mfuko wa machungwa na habari njema. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umekamilika, una taa za dari na mlango wa kusukuma. Alitaka waje wauone.

"Pamependeza, shemeji," alimwambia mama. "Na nimewaambia watu, hili lilikuwa wazo la marehemu kaka. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Chukua kila kitu, alisema, utawatunza."

Kidoti alipiga chafya.

Baba mdogo alisema "afya" na kuendelea kumenya chungwa. Kidoti alipiga ya pili, na ya tatu iliyomtoa machozi. Mama aliinuka kitandani. Alimshika bintiye mkono, akamvuta mpaka kwenye kibaraza penye mwanga, akapandisha mkono wa gauni. Baka lilikuwa limetoka karibu na kiwiko, lina kingo, na jingine lilikuwa linatoka wakiwa wanatazama, na jingine. Mama alibonyeza la kwanza kwa kidole gumba, likawa jeupe, alipoachia likarudi jekundu. Alilibonyeza tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepokea mgeni aliyemngoja tangu asubuhi.

Kisha alirudi mlangoni.

"Shemeji," alisema, "nyanyuka."

"Kuna nini?"

"Mtoto ana mzio na wewe. Utakuwa unatusalimia kutoka barabarani."

Baba mdogo alisimama, na ganda la chungwa likining'inia mkononi. Alimtazama Kidoti aliyekuwa ameshavimba jicho moja, na kwa kweli alimwonea huruma.

"Lakini si alikuwa amepona?"

"Alikuwa amepona," alisema mama. "Sasa hajambo."

Baba mdogo alitafakari jambo hilo, akaona halina ubishi, akachukua kofia yake. Aliwaachia machungwa, na mama akamfuata nayo mpaka kwenye gari, akayaweka kwenye kiti cha mbele. Kidoti alimeza vidonge viwili kwa maji, akakaa kwenye kile kiti kizuri, na mama yake akasimama nyuma yake akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

Tangu wakati huo baba mdogo hupita kila baada ya wiki mbili tatu. Husimamisha gari ng'ambo ya barabara, hushusha kioo, huuliza hali kwa kupaza sauti, na huambiwa kwamba wanaendelea vizuri. Halafu hugeuza gari na kurudi nyumbani kwa kina Kidoti, akafungua geti, akaingia.